Tusikilize Hadi Mwisho

Wahenga walituachia methali mbili ambazo kila mtoto wa shule anazijua: debe tupu haliachi kuvuma, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hizo zilitungwa kwa ajili ya kuwapima watu. Siku hizi yafaa zitumike pia kuvipima vyombo, hasa chombo hiki kiitwacho intaneti, ambacho kutwa kucha kinavuma kwa matusi, vichekesho, uzushi na matangazo. Hata hivyo, humo humo ndani ya chombo hicho unasikika pia muziki uliotungwa kwa ajili ya watu wenye subira. Kukutana kwa mambo hayo mawili kuna funzo linalozidi mipaka ya muziki.

Muziki wenyewe ni ule wa roki uitwao progresivu, uliochipuka nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wanamuziki wa vikundi kama King Crimson, Yes, Genesis na Pink Floyd walichoshwa na nyimbo za dakika 3 zilizokatwa kwa kipimo cha redio. Wakaigeukia santuri kubwa, ambayo upande wake mmoja huweza kuchukua zaidi ya dakika 20, wakaitumia kama mwandishi atumiavyo kitabu. Mwaka 1971 Pink Floyd walijaza upande mzima wa santuri yao, Meddle, kwa wimbo mmoja uitwao Echoes, wenye dakika 23. Mwaka 1972 Jethro Tull walitoa Thick as a Brick, wimbo mmoja ulioenea pande zote mbili, hata ikambidi msikilizaji ainuke na kuigeuza santuri ili aipate nusu ya pili.

Msomaji aliyezoea taarab asilia ya Unguja hataliona jambo hilo kuwa la ajabu. Naye amekwisha kuketi kitako akaisikiliza bashrafu, ala tupu zikizungumza zenyewe, bila mwimbaji kufungua kinywa.

Tuchukue mfano mmoja tu. Mwaka 1975 Pink Floyd walitoa santuri iitwayo Wish You Were Here. Wimbo wake wa kwanza, Shine On You Crazy Diamond, ulikuwa maombolezo ya mtu aliyekuwa bado hai: Syd Barrett, mwasisi wa kikundi hicho, ambaye aliachana na wenzake mwaka 1968 baada ya akili yake kudhoofika. Katika wimbo huo sauti ya kwanza ya mwimbaji husikika baada ya zaidi ya dakika 8 kupita. Kabla ya hapo vinanda hupanda polepole kama ukungu wa alfajiri. Gitaa huja, hunyamaza, kisha hurudi na noti 4 tu zinazorudiwa kama mtu anayeita jina na asiitikiwe. Mwenye haraka atasema kwamba hapo hapajatokea neno. Lakini aliyewahi kukaa matangani anafahamu kwamba msiba hauna haraka, na kwamba kule kungoja ndiyo sehemu kubwa ya maombolezo yenyewe.

Sasa wimbo huo tuutie katika mizani ya leo. Spotify, huduma inayosambaza muziki kwa njia ya intaneti, huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa mara tu zinapotimia sekunde 30. Atakayeendelea mpaka dakika ya 13 na atakayeondoka katika sekunde ya 31 ni sawasawa katika daftari la hesabu. Na katika sekunde 30 za mwanzo za maombolezo yale, gitaa lilikuwa halijaguswa! Ni dhahiri, basi, kwamba mtunzi wa leo anayetaka riziki yake hushawishika kupiga kelele tangu mlangoni, asije mpita njia akaendelea na safari yake.

Yanayowapata watunzi ndiyo yanayowapata wasemaji. Nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, zilizotangazwa na magazeti mwaka 2021, zilionyesha kwamba kuanzia mwaka 2017 mitambo yake ilizipa alama za hisia, ikiwamo ile ya hasira, uzito mara 5 ya alama ya kawaida ya kupenda. Andiko lililowachukiza watu likapata nafasi ya kusambazwa zaidi ya lile lililowaridhisha. Uzito wa hasira ulipunguzwa baadaye, na mwaka 2020 ukaondolewa kabisa. Lakini kwa miaka kadhaa mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kujifunza katika soko hilo ni bidhaa gani inayonunuliwa. Mizani ikimlipa mgomvi, usistaajabu wagomvi wakiongezeka. Tusiwalaumu vijana kwamba wamezaliwa na makelele, ilhali wamewekwa penye mizani inayoyalipa makelele.

Je, sheria haiwezi kuilinda kazi iliyotungwa ili isikilizwe nzima? Pink Floyd walijaribu. Mkataba wao uliikataza kampuni ya EMI kuzitenga nyimbo kutoka katika santuri zao bila idhini yao. Kampuni ikadai kwamba sharti hilo lilihusu santuri zinazoshikika mkononi tu, wala si mauzo ya intaneti. Mwezi Machi 2010 Mahakama Kuu mjini London iliamua kwamba wanamuziki ndio wenye haki. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini haukudumu. Mwezi Januari 2011 pande mbili hizo zilipatana upya, na nyimbo zikaendelea kuuzwa mojamoja kama vipande vya muwa. Hukumu ya hakimu iliweza kuizuia kampuni. Haikuweza kumpa mnunuzi subira ambayo hakuwa nayo.

Hatusemi kwamba kila kirefu kina hekima. Muziki huo wenyewe uliwahi kulewa sifa. Mwaka 1975 Rick Wakeman, mpiga kinanda mashuhuri, alionyesha kisa cha Mfalme Arthur huko Wembley, London, pamoja na wachezaji wa kuteleza juu ya barafu, na wengi waliona kwamba hapo fahari ilikuwa imeipita fikra. Si ajabu kwamba mwaka uliofuata vijana wa panki walizuka na nyimbo fupi zenye hasira, wakasikilizwa. Ufupi wao ulikuwa na jambo la kusema.

Wala hatusemi kwamba intaneti ni adui. Marillion, kikundi cha Uingereza kinachofuata nyayo za akina Genesis, kilikosa fedha za kuzuru Marekani mwaka 1997. Wapenzi wao wakaafikiana kwa njia ya intaneti, wakachanga takriban dola 60,000, na safari ikafanyika. Mwaka 2001 zaidi ya watu 12,000 waliilipia albamu yao kabla haijarekodiwa. Watu hao walikubali kutoa fedha, kisha wakangoja. Chombo ni kile kile. Kilichotofautiana ni nia ya waliokishika.

Hapo ndipo penye shauri letu. Kusikiliza hadi mwisho ni mazoezi, na kiungo kisichofanyishwa mazoezi hudhoofika. Mtu asiyeweza kungoja dakika 8 ili mwimbaji aanze, atawezaje kungoja shahidi amalize ushahidi wake kabla ya kumhukumu jirani? Atawezaje kuisoma sheria inayopendekezwa mpaka kifungu cha mwisho, au kumsikiliza mzazi ambaye hueleza jambo kwa kulizunguka kwanza? Nchi ambayo raia wake husikia sekunde 30 za kila hoja itaongozwa na yule mwenye sauti kubwa katika hizo sekunde 30.

Serikali haiwezi kutunga amri ya kusikiliza, wala kampuni hazitaibadili mizani yao kwa hiari iwapo sisi wenyewe hatuonyeshi kwamba tunataka kitu kingine. Tuanze nyumbani. Jioni moja katika juma, simu ziwekwe kando, uchaguliwe wimbo mmoja mrefu, uwe wa taarab au wa Pink Floyd, nao usikilizwe tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho bila mtu kuugusa. Watoto watanung'unika mara ya kwanza. Mara ya tatu huenda wakauliza kwa nini yule mwimbaji alichelewa kuanza, na swali hilo likiulizwa, mazungumzo ya kweli yatakuwa yameanza.