Nyumba iuzike mapema: pesa yako ianzie wapi?

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam utakuta ukuta umeandikwa kwa herufi kubwa: "Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli." Mnunuzi wa jiji hili amezoea kuyasoma maneno hayo, na akija kuangalia nyumba yako ya Tabata au Mbagala, hofu ya kutapeliwa anakuja nayo. Ndiyo maana nasema bila kusita: mwenye haraka ya kuuza atangulize pesa yake kwenye karatasi, afuatie matengenezo madogo, dalali aje mwisho. Wengi huanza na dalali.

Tuchukue mfano wa nyumba ya shilingi milioni 120. Dalali akitaka asilimia 5, hiyo ni milioni 6. Akitaka 10, ni milioni 12. Dalali mzuri anastahili ujira wake, kwa sababu anajua nani ana pesa na nani anapotezea watu muda. Balaa huanza unapowapa kazi madalali watano kwa mpigo ukidhani ndiyo haraka. Wengine wanaweka cha juu. Huyu anaitangaza kwa milioni 130, yule 145, wa tatu ameiweka Instagram kwa 120 ile ile. Mnunuzi akisikia bei tatu za nyumba moja anajua kuna mchezo, anahamia mtaa mwingine. Chukua mmoja, au wasiozidi wawili, mwandikiane bei na kamisheni, na cha juu kipigwe marufuku humo humo kwenye maandishi.

Sasa karatasi. Nyumba yenye hati inaweza kununuliwa na mwenye pesa mkononi na hata na anayetegemea mkopo wa benki, maana benki huipokea hati kama dhamana. Nyumba yenye karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa peke yake inamsubiri mwenye taslimu tu, naye anaijua nguvu yake. Atakukata bei bila huruma. Kupima kiwanja na kufuatilia hati huchukua muda. Kama unaihitaji pesa ndani ya miezi miwili, usianze leo, kubali bei ya chini. Ukiwa na mwaka mzima mbele yako, sioni matumizi mengine yatakayokulipa kuliko haya. Maliza na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi. Nyumba ya ndoa inataka idhini ya mwenza; ya urithi inataka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi waliokwisha kukubaliana. Mauzo mengi hufia hapa, mnunuzi akiwa na pesa tayari.

Kuna watendaji wa mitaa wanaodai asilimia 10 ili washuhudie mauzo. Kwa nyumba yetu ya mfano hiyo ni milioni 12, na sheria haidai malipo hayo. Usilipe.

Kodi halali ni jambo jingine. Mkazi wa Tanzania hutozwa asilimia 10 ya faida, na gharama za kununua na kujenga unazoweza kuzithibitisha hutolewa kwanza kwenye bei. Ukithibitisha milioni 100, faida ni milioni 20 na kodi ni milioni 2, kwa hiyo zile risiti za saruji na nondo usizitupe. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi husamehewa, mradi faida isizidi milioni 15.

Kwenye matengenezo ndiko watu humwaga pesa ovyo. Mtazame mnunuzi makini anapoingia. Anafungua bomba la jikoni, anavuta maji chooni, anawasha na kuzima taa. Kisha anainua macho kwenye kona ya dari kutafuta lile duara la njano linaloachwa na mvua. Akiliona, hesabu yake yote inabadilika: anaanza kukadiria paa zima. Bati moja na fundi wa siku moja vingemzuia asifike huko. Ziba uvujaji, vuta shimo la choo, kwangua chumvi ukutani kabla ya kupaka rangi, paka geti. Makabati mapya na marumaru za kisasa achana nazo. Mmiliki mpya atavibomoa aweke anavyopenda yeye. Na kama kwako maji hayaingii, waite wateja wakati wa masika. Hakuna tangazo linalolishinda hilo.

Bei nayo isikae juu kwa kusikiliza jirani aliuza kwa ngapi. Mthamini aliyesajiliwa atakugharimu, lakini ripoti yake inazima ubishi mezani. Nyumba ikikaa sokoni miezi mingi, mtaa mzima unauliza ina nini, na kila anayekuja anakuja na bei ndogo kuliko aliyemtangulia. Ukipunguza milioni 6 mwanzoni, umetoa sawa na asilimia 5 ya dalali.

Kwa hiyo kabla hujampigia dalali yeyote, nenda ofisi ya ardhi, lipia upekuzi wa hati yako mwenyewe, na usome kilichoandikwa humo kabla mnunuzi hajakisoma.