Mhandisi wa Sange na Kesi ya Kwao

Kazi za mwisho wa masomo katika vyuo vya Bukavu huandikwa kwa desturi moja: kichwa kirefu, nukta mbili, halafu “kesi ya” mahali fulani. Mwanafunzi wa uhandisi aliyezaliwa Sange, akiachiwa kuchagua, ataandika Sange. Ametumwa na ukoo, na ukoo unataka kusikia jina la kwao likitajwa mbele ya maprofesa.

Mada hazikosekani. Sange iko katika uwanda wa Ruzizi, teritwari ya Uvira, kwenye barabara ya taifa namba 5. Tarehe 2 Julai 2010 lori la petroli lilipinduka pale, likalipuka, likaua watu zaidi ya 230; wengi wao walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Mtoto wa hapo akisomea barabara, nani amfundishe kwa nini anasoma?

Huko Bukavu wanafunzi wanapanga chumba kimoja wengi, Kadutu kwa mfano, na chakula ni cha wote. Gunia la mchele kutoka nyumbani lina heshima yake: mwenye nalo hasemi “mchele wangu”. Ndagala wa Uvira wakiisha, wananunua sambaza wa Ziwa Kivu, na ubishi wa samaki yupi mtamu hauna mwamuzi. Tangu waasi wa M23 waingie Bukavu Februari 2025 na vita kuteremka uwandani, gunia hilo likawa halina uhakika wa kufika.

Mkubwa wa masomo anaitwa yaya, na uyaya una gharama. Yeye ndiye anayemrithisha mdogo wake silabusi, rula na kikokotoo, ndiye anayemwombea muda minervali, yaani karo, ikichelewa. Umeme nao una sheria zake. Bwawa la Ruzizi la kwanza liko karibu na pale mto unapotoka ziwani, lakini mitaa inakaa gizani. Umeme ukirudi usiku wa manane nyumba nzima inaamka: huyu anachaji kompyuta, yule anapiga pasi shati la kesho, wa tatu anamalizia mchoro wa daraja akiwa amejifunga blanketi.

Kazi yenyewe iko uwandani. Vifaa vya kupimia ni vya kuazima, kwa hiyo wanashuka kikundi, wampimie mmoja leo na mwingine wiki ijayo. Kabla ya kusimamisha hata mguu mmoja wa kifaa, wanapiga hodi kwa chifu, na wenye adabu hawaendi mikono mitupu. Anayeruka hatua hii atajuta, maana ardhi ya Ruzizi imegombaniwa sana na mtu mwenye kamba na vigingi haaminiki. Watoto wanafuata nyuma, wanagombania kushika fimbo yenye namba. Mzee anasimama kando ya shamba lake la mpunga.

“Mwanangu, nani amenunua?”

“Hakuna, baba. Ni masomo tu. Tunapima maji yanapita wapi mvua ikinyesha.”

“Si ungeniuliza mimi?”

Na mwenye akili anamwuliza kweli. Mzee anajua mto ulifika wapi miaka ambayo hakuna mtu aliyeupima.

Siku ya kutetea kazi, koti ni la kuazima na viatu pia. Mama amevaa kikwembe kipya; Kifaransa cha juri hakimhusu, anasubiri matokeo. Yakisomwa, poda nyeupe inamwagwa kichwani, nyimbo zinaanza, na koti la watu linachafuka.

Lawama yangu ni moja. Nakala zinabaki kwa chuo na kwa maprofesa, na Sange iliyotoa jina, mchele, na ule mto wa kupimwa haipati hata ukurasa. Mzee hajaambiwa maji yatapita wapi. Mlio kwenye mwaka wa mwisho sasa, tieni nakala moja zaidi kwenye bajeti ya kuchapisha, muipeleke kwa chifu mliyempigia hodi, mmsomee matokeo kwa Kiswahili.