Ukirudi Zuzu na Nyumba Yako

Gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, tangi la maji na sola juu ya paa, si kitu kigeni tena katika barabara kuu inayopita Dodoma. Wengi wanaoliendesha ni wageni, mara nyingi mtu na mwenzi wake, wanaotoka Arusha kwenda Iringa na kuendelea kusini. Tangu lami ya Dodoma–Babati, kilomita 251, izinduliwe Aprili 2018, njia ile ya kale ya Cape hadi Cairo inapitika masika na kiangazi. Wapo waliofanya safari kuwa ndiyo maisha. Emil na Liliana Schmid wa Uswisi waliondoka kwao 1984 na Toyota Land Cruiser, wakaishi safarini miongo kwa miongo. Gunther Holtorf wa Ujerumani na mwenzake Christine walizunguka dunia na Mercedes yao. Christine alifariki 2010, na Gunther alipohitimisha safari 2014 gari lilikuwa limetembea karibu kilomita 900,000.

Mimi nawaandikia wenzao wa hapa hapa: mume na mke waliostaafu, au waliokaa miaka mingi ughaibuni, wanaotaka kuishi hivyo na siku moja kuligeuza gari kuelekea kwao. Mimi ni mpangaji wa miji, na makazi ya uwanda wa kati ndiyo kazi yangu. Nachukua Zuzu kwa mfano kwa sababu yanayomkuta mtu anayerudi Zuzu yanamkuta anayerudi karibu popote Ugogo, nchi ya Wagogo.

Zuzu iko magharibi ya Dodoma mjini, kwenye Reli ya Kati. Reli hiyo Wajerumani waliifikisha Dodoma 1910 na Tabora 1912, na msafiri wa garimoshi akitoka Dodoma kwenda bara huipita Zuzu kabla ya Kigwe na Bahi. Leo jina la Zuzu watu wengi wanalijua kwa kituo kikubwa cha kupoza umeme cha TANESCO. Kiutawala ni kata ya Jiji la Dodoma, lililopewa hadhi hiyo 2018. Aliyeondoka pakiwa na mashamba ya uwele, mbuga za malisho na njia za ng'ombe anakuta nguzo za umeme mkubwa, viwanja vilivyopimwa, na vigingi vya zege katikati ya shamba la babu yake.

Hapo ndipo huzuni huanza. Mtu anaitafuta nyumba aliyozaliwa, haioni, anajiona amechelewa. Kwa Ugogo, kosa si la kuchelewa. Tembe halikujengwa likae karne. Ni nguzo fupi, boriti, matawi na udongo uliotandazwa juu kuwa paa bapa. Kimo chake kinamtosha mtu kusimama tu, na vyumba vinapangwa kuuzunguka ua wa ng'ombe. Mvua ikipiga miaka kadhaa bila mtu wa kukandika, paa linashuka na kuta zinayeyuka. Na kaya zenyewe zilikuwa zikihama. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wagogo na kuchapisha kitabu juu ya ng'ombe na ukoo 1969, alieleza kwa kina jinsi kaya zilivyohama mara kwa mara kufuata malisho, maji na mashamba mapya, huku watu wakijiunga na wakwe, wajomba na marafiki. Njaa nazo zilisukuma watu. Ile ya Mtunya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwatawanya maelfu. Kisha ikaja Operesheni Dodoma ya 1971, iliyozikusanya kaya zilizotapakaa mkoani katika vijiji vya ujamaa. Mzee aliyezaliwa kabla ya hapo ana kwao pawili: kijiji alikokulia, na mahame, yaani makao waliyoyaacha wazazi wake porini.

Mahame husomeka, na kuyasoma ni sehemu ya taaluma yangu ninayoipenda kuliko zote. Nenda baada ya mavuno, majani yakishaliwa na mifugo. Tafuta tuta la chini lenye pembe nne, udongo wake laini kuliko wa pembeni. Hizo ni kuta na paa vilivyolala. Ndani yake patakuwa na eneo jeusi, lenye magugu mazito. Hapo palikuwa na zizi, na samadi ya miaka mingi haijaisha. Wakulima wanalijua hilo: utaona kipande cha mahindi yaliyostawi katikati ya shamba la uwele, na ukiuliza utaambiwa palikuwa na kaya ya fulani. Angalia chini kwa vipande vya vyungu na kwa jiwe la kusagia lililochimbika katikati kwa kusuguliwa. Angalia mstari wa minyaa uliobaki wima pasipo ua wa kuzungushia. Mbuyu ulio jirani karibu kila mara una jina, na jina hilo wazee watakutajia kabla ya kukutajia la mtaa.

Kazi hiyo haifanyiki kwa kushuka kwenye teksi na kupiga picha kwa saa mbili. Inataka asubuhi nyingi, mzee anayekumbuka leo jambo moja na keshokutwa jingine, na miguu. Faida ya gari-nyumba naiona hapo: linawapa muda bila kuwalemea wenyeji. Lakini lina hatari yake. Ukilaza kichwa garini, mbele ya mlango wa mjomba wako, usiku wa kwanza, umemwambia nyumba yake haifai. Hata akicheka, ameumia. Lala ndani usiku huo, kitanda chochote utakachopewa. Kula ugali na mlenda wa nyumba hiyo, friji yako ikae kimya. Kesho yake omba mahali pa kuegesha, na uombe kwa heshima ile ile ambayo babu yako aliombea mahali pa kujenga alipohamia kwa watu. Muone mwenyekiti wa mtaa. Maana uwanda unaouona mtupu una mwenyewe, na hati huenda imeshatoka.

Mambo ya gari nitayapita haraka. Maji lita 100 ni kilo 100; watu wawili wakitumia lita 10 kila mmoja kwa siku, tangi limekwisha siku ya tano. Gari la kuanzia tani 3.5 linatakiwa kuingia mizani barabarani, kwa hiyo pima uzito kabla ya kujaza kila kabati. Jua la Dodoma ni neema, paneli ya wati 200 inabeba friji ndogo, taa na simu. Mvua ya mwaka ni milimita 550 hadi 600 hivi, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauachii tairi. Njoo Juni au Julai, na blanketi zito, kwa sababu usiku wa uwanda huu una baridi. Maji machafu usiyamwage karibu na visima vya mchangani mtoni. Watu wanakunywa humo.

Kuhusu nyinyi wawili: mara nyingi mmoja ndiye mzawa na mwingine ni mgeni. Mzawa hutazama kilichotoweka. Mwenzake, asiye na kumbukumbu, huona kilichopo: watoto wanaotoka shule, mama anayeuza ubuyu, shamba la zabibu, fundi anayechomelea mageti. Nashauri mgeni ndiye ashike usukani mkiingia, na ndiye aulize maswali. Wazee humweleza mkwe mambo ambayo kwa mtoto wao huyaona hayahitaji kusemwa. Mkisalimiwa kwa Kigogo, «mbukwenyi», itikieni wote wawili.

Lililo zito kuliko yote ni makaburi. Katika mahame ya zamani watu walizikwa kwenye kaya zao, si katika eneo moja la pamoja, na mengi hayana alama zaidi ya mawe. Jiji linapima kwa kasi. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 inataka notisi itolewe ardhi yenye makaburi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, lakini notisi haimsaidii marehemu ambaye hakuna anayejua alipolala. Tembeeni na mzee, simameni kila penye mawe, chukueni vipimo vya mahali kwa simu, andikeni jina la marehemu, la baba yake na la mbuyu ulio karibu. Orodha hiyo fanyeni nakala tatu: moja kwa ukoo, moja kwa mwenyekiti wa mtaa, moja ofisi ya ardhi ya jiji. Mwombeni anayepokea agonge mhuri na tarehe kwenye nakala yenu. Fanyeni hivyo kabla ya kwenda popote pengine, hata kama mnatakiwa kuwa Iringa wiki ijayo.