Kirusi Kwenye Kompyuta ya Mzazi: Linda Hela Kwanza, Mashine Baadaye

Ukurasa huu kazi yake ni kutuma pesa na kuweka akiba, sasa virusi vya kompyuta vimeingiaje? Vimeingia kwa sababu tukikaa na wenzetu kupiga hesabu za mwezi, tunaona hela nyingi hazipotei kwenye ada ya kutuma. Zinapotea kwenye ile laptopu ya sebuleni anayoitumia mzee kuangalia habari za nyumbani.

Tuchukue St. James Town, hapa Toronto. Ni maghorofa marefu yaliyojengwa zaidi miaka ya 1960, kati ya mtaa wa Sherbourne na Parliament. Wengi wetu tunaishi humo na wazazi, watoto na wapangaji wenza katika vyumba vichache. Mmoja anavuka Bloor asubuhi kwenda kulea watoto Rosedale, mwingine yuko saiti tangu saa kumi na mbili. Mama au baba anabaki nyumbani na kompyuta moja. Humo ndimo anamoangalia mpira wa bure na filamu za Bongo, na humo humo ndimo wewe ukirudi usiku unafungua benki utume hela Kisii, Tanga au Goma. Kirusi kikiingia mchana kwa mpira wa bure, usiku kinakuta neno lako la siri.

Tuseme unatuma dola 200 kila mwezi, halafu tapeli anachomoa dola 900 kwenye akaunti. Hiyo ni miezi minne na nusu ya nyumbani: karo, dawa na mbolea. Ndiyo maana tunasema hili ni jambo la akiba.

Usimgombeze mzazi

Anza na shikamoo, siyo na "umefanya nini tena?" Mzazi aliyegombezwa mara ya kwanza, mara ya pili ataficha. Akificha siku tatu, tapeli kapata siku tatu za kufanya kazi. Kaa naye, muulize taratibu: "Mama, kiliandikwa nini kwenye kioo? Kuna namba ulipiga? Kuna mtu uliongea naye? Kuna kadi uliandika?" Majibu hayo manne yanakueleza kama una kirusi tu au una wizi.

Na umwambie ukweli kwamba hata wakubwa wanapigwa. Tarehe 28 Oktoba 2023 maktaba ya umma ya Toronto, yenye matawi 100, ilivamiwa na wahalifu wa mtandao. Tovuti ilizimika, kompyuta za wasomaji kwenye matawi zikafungwa, na huduma zilirudi kidogo kidogo mwanzoni mwa 2024. Maktaba haikulipa waliodai fidia. Taarifa za wafanyakazi wa sasa na wa zamani, hadi wa mwaka 1998, ziliibiwa, zikiwemo namba zao za SIN. Kama taasisi yenye mafundi wake iliingiliwa, bibi wa miaka 70 asionekane mjinga.

Onyo lenye namba ya simu ni tapeli

Mara nyingi anachokiona mzazi siyo kirusi. Ni ukurasa wa intaneti unaojaza kioo chote, unapiga kelele, unaandika kompyuta imeharibika, na chini kuna namba ya kupiga. Microsoft wenyewe wanasema ujumbe wao wa hitilafu hauweki namba ya simu. Kwa hiyo ukiona namba, huyo ni tapeli, maliza hapo.

Akipigiwa, anajifanya fundi. Anamwambia mzazi aweke programu kama AnyDesk au TeamViewer. Hizo ni programu halali, mafundi wa kweli wanazitumia, lakini zinampa mtu wa mbali uwezo wa kuendesha kompyuta kana kwamba amekaa hapo sebuleni. Kisha anaomba afungue benki "arudishiwe pesa", au anunue kadi za zawadi amsomee namba. Hakuna benki wala ofisi ya serikali inayolipwa kwa kadi za zawadi. Hakuna.

Kuondoa ukurasa huo, shikilia kitufe cha Esc kwa sekunde kadhaa, halafu funga kivinjari. Ukigoma, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Ukiwasha tena na kivinjari kikiuliza kama kirudishe kurasa za mwanzo, kataa.

Kuna na vile vijitangazo vinavyotokea pembeni chini kila dakika, "una virusi 13". Mara nyingi ni tovuti fulani iliyoomba ruhusa ya kutuma taarifa, mzazi akabonyeza kukubali. Ingia mipangilio ya kivinjari, sehemu ya taarifa za tovuti, ondoa ruhusa zote usizozijua. Dakika tano, bure, kelele imekwisha.

Hatua za pesa, kabla ya kusafisha

Hapa wengi wanageuza mpangilio. Wanashinda jioni nzima wakisafisha mashine huku akaunti iko wazi. Fuata hivi:

Kwanza, kata intaneti. Zima waifai ya kompyuta hiyo au chomoa waya. Kama kuna mtu anaiendesha kwa mbali, hapo umemfungia mlango.

Pili, kama kadi au neno la siri la benki liliandikwa, au mtu aliingia kwa mbali, piga benki sasa hivi. Tumia simu, na namba iliyo nyuma ya kadi, siyo namba uliyoikuta mtandaoni. Omba kadi ifungwe, na uulize kama kuna Interac au malipo mapya yaliyoongezwa.

Tatu, badilisha maneno ya siri kwa kutumia simu yako au kifaa kingine kisafi, kamwe siyo kompyuta yenye ugonjwa. Kirusi kinachonakili unachochapa kitachukua na hilo jipya. Anza na barua pepe. Mwenye barua pepe yako anaweza kuomba maneno mapya ya akaunti zako nyingine zote. Halafu benki, halafu programu ya kutumia pesa.

Nne, kwenye simu ya mzazi fungua WhatsApp, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na utoe kila kompyuta iliyomo. Hili watu wanalisahau. WhatsApp ikibaki wazi kwenye kompyuta iliyoingiliwa, tapeli anaandika kwa jina la mama kwa ukoo mzima: "Mwanangu nimelazwa, tuma haraka kwa namba hii." Wewe uko saiti, una haraka, unatuma. Basi iwe sheria ya familia: ombi la pesa la ghafla, au namba mpya ya kupokelea, linathibitishwa kwa kupiga simu na kusikia sauti. Wekeni na swali la siri ambalo jibu lake liko nyumbani tu, kama jina la ng'ombe wa babu.

Tano, kama namba ya SIN ilitoka, waombe Equifax na TransUnion waweke alama ya tahadhari kwenye taarifa zako za mikopo. Hili ni kwa wote, hata ndugu zetu wenye vibali vya muda ambao SIN zao zinaanza na 9.

Pesa ikiwa imeenda, toa ripoti polisi wa Toronto, 416-808-2222, na Canadian Anti-Fraud Centre, 1-888-495-8501. Hatukuahidi kwamba itarudi. Ila kukiwa na ripoti, una kitu cha kuionyesha benki.

Sasa safisha mashine

Huhitaji kununua chochote. Windows 10 na 11 zina kinga yake ndani, Microsoft Defender, hailipiwi.

Fungua orodha ya programu zilizowekwa, ipange kwa tarehe. Chochote kilichoingia siku ya tatizo na hamkijui, kiondoe, pamoja na zile programu za kuendesha kwa mbali. Angalia pia viongezo vya kivinjari, ondoa vya ajabu.

Halafu washa intaneti kidogo, acha Windows ijisasishe. Fungua palipoandikwa Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Scan options. Chagua Full scan na uiache ifanye kazi. Inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo ianzishe usiku ukienda kulala. Asubuhi chagua ile ya offline scan. Mashine itajizima na kujiwasha, itapekua kabla Windows haijaamka kikamilifu, muda wa kama dakika 15. Vile virusi vinavyojificha mashine ikiwa macho, hapo ndipo vinapokamatwa.

Kama mtu aliiendesha kwa mbali, au dalili zinarudi, usiendelee kubembeleza. Hifadhi picha na hati kwenye diski ya nje, acha programu zote, kisha tumia Reset this PC uanze upya. Inauma, lakini ni nafuu kuliko kuishi na mashine usiyoiamini. Angalia pia kama ni Windows 10. Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo panga kuhamia Windows 11 kama mashine inaweza.

Masasisho siyo mapambo. Kirusi cha WannaCry kilichosambaa dunia nzima Mei 2017, kikifunga mafaili na kudai dola 300 za bitcoin, kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilishaliziba Machi mwaka huo. Waliokuwa wakibonyeza "baadaye, baadaye" ndio walioumia.

Kama mzazi yuko nyumbani Afrika

Hatua ni zile zile, ila kwa simu ya video. Toronto iko nyuma ya Nairobi na Dar kwa saa 7 majira ya joto, saa 8 majira ya baridi. Jumamosi saa tatu asubuhi hapa ni saa kumi au kumi na moja jioni kule, muda mzuri, mzee kapumzika. Mwambie aelekeze simu kwenye kioo cha kompyuta, wewe usome, yeye abonyeze. Kitu kimoja kimoja, usimkimbize. Kama kuna mjukuu karibu, mpe kazi hiyo.

Kule ugonjwa mkubwa ni flashi. Mtu anaipeleka saiba kuprinti, anarudi nayo, mafaili yote yamegeuka vijialama vya njia ya mkato. Usibonyeze hata kimoja. Mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Ipekue flashi hiyo kwa Defender kwanza, kisha kwenye dirisha la mafaili washa kuonyesha vilivyofichwa, nakili vyako, na flashi uifomati. Na Windows au Office "iliyofunguliwa" na kijana wa mtaani kwa bei ya soda ni bure ghali. Ile programu ya kuvunjia kufuli mara nyingi ndiyo inayobeba kirusi.

Ili isirudi

Mtengenezee mzazi akaunti yake ya kawaida kwenye kompyuta, isiyo na ruhusa ya kuweka programu. Akibonyeza kitu kibaya, mashine itadai neno la siri ambalo unalo wewe.

Tenganisha vifaa. Kompyuta ya sebuleni iwe ya habari na mpira, benki na kutuma hela zibaki kwenye simu yako yenye kufuli, na uthibitisho wa hatua mbili uwe umewashwa. Maktaba ya St. James Town pale 495 Sherbourne ina kompyuta na intaneti bure. Ni nzuri kwa kusoma na kutafuta kazi, lakini benki usiifungulie kwenye kompyuta ya umma.

Mwandikie mzazi karatasi kwa herufi kubwa, ibandike juu ya kioo: NAMBA YA SIMU KWENYE KIOO NI TAPELI. ZIMA. NIPIGIE. Chini yake andika namba yako, na ya jirani mmoja mnayemwamini kwa saa ambazo wewe uko kazini na simu imefungiwa kwenye sanduku la saiti.

Na kwenye bajeti yako weka mstari mmoja mdogo, dola 5 au 10 kwa mwezi, kwa ajili ya diski ya kuhifadhia na laptopu itakayofuata. Kununua kwa utaratibu ni rahisi kuliko kununua kwa dharura, hasa mwezi ambao karo ya nyumbani inasubiri.