Si kila muwasho wa uume ni ugonjwa wa zinaa

Nilipoona vipele vyekundu na kuhisi muwasho kwenye kichwa cha uume, niliamini ni ugonjwa wa zinaa. Nikamshuku mke wangu, tukanuniana wiki mbili. Muuza dawa alinipa vidonge vya antibiotiki bila vipimo. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Hatimaye nilikwenda zahanati. Daktari aliona utando mweupe chini ya govi, akachukua sampuli kwa pamba na kuipeleka maabara. Hadubini ilionyesha fangasi aina ya kandida, ambao huweza kuishi mwilini bila madhara. Alinieleza kuwa malengelenge madogo yenye maumivu huashiria hepesi, na kidonda kisichouma huweza kuwa kaswende, lakini kutazama kwa macho pekee hakutoshi. Alinipima damu pia: kaswende na VVU sina, ila sukari ilikuwa juu. Kumbe kisukari huwapa fangasi hao nafasi ya kuzaliana.

Nilipaka krimu ya klotrimazo mara 2 kwa siku kwa wiki 2, nikapona, na sasa natibiwa kisukari. Mke wangu nilimwomba radhi.

Ndugu msomaji, ukiona dalili hizi usikimbilie duka la dawa. Kapime kwanza.