Kijana wa Kisiagi Akitaka Kujitegemea



Vikundi vingi vina kisiagi, na kila kisiagi kina yule kijana mmoja anayeijua mashine. Akisikia mlio tu anajua nyundo zimelika au mkanda umelegea. Halafu siku moja anamwendea mwenyekiti: "Mama, nataka kuanza kazi yangu mwenyewe."

Hapo ndipo kelele huanza. "Tumemfundisha sisi!" "Asilipwe mwezi huu!" Ngojeni kidogo. Kikundi kikimlipa mtu mshahara, basi hicho kikundi ni mwajiri, na sheria inakihusu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28, kama mkataba hautaji muda mrefu zaidi. Siku alizofanya kazi zilipwe, na likizo ambayo hakuchukua pia. Apewe na cheti cha kazi. Kumnyima hicho cheti ni kumkomoa tu, na hakuna faida mnayopata.

Hizo siku 28 ndizo mali yenu. Kwanza muulizeni, bila hasira, anataka kufanya nini. Pengine hata si kisiagi. Akitaka kuwa fundi wa mashine, nyinyi ndio wateja wake wa kwanza: andikianeni kwamba atakagua mashine kila mwezi kwa bei mliyopatana, na ikiharibika ataitwa yeye kwanza. Akitaka kuuza chakula cha kuku, na mashine yenu inakoboa, anunue pumba kwenu.

Na kama anafungua kisiagi chake soko hilo hilo? Tusidanganyane, inauma. Lakini kumzuia kwa vitisho hamtaweza, na wateja watakwenda penye unga laini na foleni fupi. Afadhali mjue mapema mjipange.

Wakati huo huo afundishe watu wawili, si mmoja, maana mmoja naye ataondoka. Wasichana wasiachwe nje. Wajifunze kubadilisha chekeche, kukaza mkanda, kupima dizeli na kuandika daftari.

Akiomba mkopo, apewe kwa masharti yale yale ya wanachama wengine, wala msichote sanduku la dizeli kwa sababu ya huruma. Siku ya mwisho, funguo, vifaa na daftari vihesabiwe mbele ya kamati, mweka hazina akiwepo, na pande zote mbili zitie sahihi.