Nicosia: mji mkuu umekatwa vipande viwili, lakini mabomba ya chini ni ya pamoja

Katika barabara ya Ledra, katikati ya mji wa Nicosia, mtu anapita mbele ya maduka na mikahawa, kisha anafika kwenye kibanda cha polisi na kuonyesha pasipoti. Anapiga hatua chache kati ya nyumba zilizofungwa, anakuta kibanda kingine, anaonyesha pasipoti tena. Alikotoka watu wanasema Kigiriki na kulipa kwa euro. Alikofika wanasema Kituruki na kulipa kwa lira. Lakini mji ni uleule.

Nicosia ni mji mkuu wa Kupro, kisiwa cha bahari ya Mediterania ambacho wasomaji wa Biblia wanakijua kama kwao Barnaba, mwenzake mtume Paulo. Toka mwaka wa 1974 mji huo umekatwa kabisa vipande viwili. Hata hivyo, ukitazama majengo yake, utaona kwamba kila mtawala aliyepita aliacha alama yake juu ya kazi ya yule aliyemtangulia.

Mwaka wa 1191 mfalme Richard wa Uingereza aliteka kisiwa hicho akiwa njiani kwenda katika vita vya msalaba. Mwaka uliofuata kikawa mikononi mwa Guy de Lusignan, mtu wa ukoo mkubwa wa Ufaransa, na ukoo wake ukatawala karibu miaka 300. Ndio walioanza kujenga katedrali ya Mtakatifu Sofia mwaka wa 1209. Ilibarikiwa mwaka wa 1326, ikiwa na matao yenye ncha na madirisha marefu, sawa na makanisa makubwa ya Ufaransa. Ndani yake wafalme wa Kupro walivikwa taji.

Kisha wakaja watu wa Venice, mwaka wa 1489. Kwa kuwaogopa Waturuki wa Osmani, mwaka wa 1567 walimwita fundi Giulio Savorgnan ajenge ukuta mpya. Ukuta huo ni duara lenye ngome 11 na milango 3, na bado unazunguka mji wa kale. Lakini bei yake ilikuwa kali: ukuta wa zamani pamoja na makanisa na nyumba zilizobaki nje vilibomolewa, hata monasteri walimozikwa wafalme. Na ukuta wenyewe haukuokoa mji. Waosmani walifika mwaka wa 1570, na tarehe 9 Septemba Nicosia ikaanguka.

Washindi hawakubomoa katedrali. Waliondoa sanamu, wakaongeza minara miwili, ikawa msikiti, ambao leo unaitwa Selimiye. Kwa kuwa kanisa lilijengwa kuelekea mashariki na Makka iko upande mwingine, safu za wanaosali zinakaa mshazari katikati ya nguzo za Wafaransa. Mwaka wa 1572, karibu na hapo, wakajenga Büyük Han, nyumba ya wageni ya wafanya biashara: orofa mbili za vyumba kuzunguka uwanja, na msikiti mdogo juu ya nguzo katikati. Waingereza, walioshika utawala mwaka wa 1878, waliigeuza gereza. Leo mafundi wa kazi za mikono wanauza humo vitu vyao, na watu wanakunywa kahawa.

Kupro ilipata uhuru mwaka wa 1960, lakini amani haikudumu. Desemba 1963 Wagiriki na Waturuki wa kisiwa walipigana, na jenerali mmoja wa Uingereza akachora mstari juu ya ramani kwa kalamu ya kijani ili kuwatenganisha. Tangu hapo unaitwa Mstari wa Kijani. Mwaka wa 1964 zikafika kofia za bluu za ONU, kama zile tunazozijua huku Kivu, na hazijaondoka mpaka leo. Mwaka wa 1974, kisha mapinduzi yaliyosukumwa na wanajeshi waliotawala Ugiriki, jeshi la Uturuki liliingia kisiwani, na mstari wa kalamu ukawa mapipa, mifuko ya mchanga na senyenge. Maelfu na maelfu ya watu walipoteza nyumba. Zile zilizobaki katikati ya mstari zinaoza bila mwenyewe.

Vijana wa Kongo nao wameujua mstari huo. Wako waliofika upande wa kaskazini kwa masomo, kisha wakavuka kwenda kusini kuomba ukimbizi. Kwao, upande gani wa barabara unalala si jambo la historia, ni jambo la makaratasi.

Lakini kuna kazi moja ambayo mstari haukuikata. Mwishoni mwa miaka ya 1970, viongozi wa mji wa pande mbili, Lellos Demetriades na Mustafa Akıncı, walikutana kwa sababu ya shida moja: maji machafu. Mabomba yaliyoanza kujengwa mbele ya vita yalikuwa pande zote, na hakuna upande ulioweza kuyatumia peke yake. Wakakubaliana kuyamaliza pamoja, ingawa serikali zao hazikutambuana. Kutoka hapo ukazaliwa mpango wa pamoja wa kutengeneza mji wa kale, uliopata Tuzo ya Aga Khan ya ujenzi mwaka wa 2007.

Vituo vya kuvuka vilianza kufunguliwa mwaka wa 2003, na barabara ya Ledra mwaka wa 2008. Mkataba wa kuunganisha kisiwa ulipigiwa kura mwaka wa 2004: Waturuki wengi walikubali, Wagiriki wengi walikataa. Mazungumzo yamerudi na kukwama mara nyingi. Kwa sasa wakaaji wa Nicosia wanavuka wakiwa na pasipoti mkononi, na chini ya miguu yao maji ya pande zote mbili yanapita bila kuulizwa na mtu.